UCHAMBUZI: Kalsiamu, presha na foleni mbili za Migori na Homa Bay

MAPEMA mwaka 1929, jarida la tiba la The Lancet la nchini Uingereza lilichapisha makala mafupi ya daktari aliyeitwa C. P. Donnison. Daktari huyo alikuwa ametumikia kwa miaka miwili katika hospitali ya Waafrika wilayani Kavirondo Kusini, ile wilaya ya kikoloni iliyotawaliwa kutoka Kisii na ambamo leo mna kaunti za Kisii, Nyamira, Migori na Homa Bay. Aliwapima shinikizo la damu watu wapatao 1,000. Kati ya wagonjwa 1,800 hivi waliolazwa katika kipindi hicho, hakuona hata mmoja mwenye ugonjwa wa shinikizo la juu la damu, wala hakuna aliyetambuliwa kuwa na ateri zilizokakamaa.

Kilichomshangaza zaidi ni umri. Ulaya ilikwisha kujulikana kwamba shinikizo la damu hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Katika Kavirondo Kusini, Donnison aliliona likilingana na la Wazungu hadi umri wa miaka 40 hivi, kisha likianza kushuka.

Makala hayo yanafaa kukumbukwa wakati huu, kwa sababu katika eneo lilo hilo kunafanywa uamuzi mkubwa pasipo kelele nyingi. Tangu fedha za Marekani za kupambana na Ukimwi zilipotikisika mwaka 2025, kliniki za wanaoishi na virusi zimekuwa zikiunganishwa na huduma za kawaida za wagonjwa wa kutwa. Wengi wameujadili uamuzi huo kama suala la Ukimwi tu. Lakini namna utakavyotekelezwa ndiyo itakayoamua pia, kwa kiasi kikubwa, ni nani huko Rongo, Ndhiwa au Mbita atakayepatwa na kiharusi miaka kumi ijayo.

Hebu tuanze na ugonjwa wenyewe.

Sisi tunaoketi katika dawati la usanifu tumezoea sentensi moja ambayo hutufikia karibu kila juma kutoka mashinani: fulani amefariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Alianguka bafuni, au alilalamikia maumivu ya kifua jioni na kufikia alfajiri akawa ameaga. Kwa jamaa, kweli ulikuwa muda mfupi. Kwa mishipa yake ya damu, huenda ugonjwa huo ulikuwa na umri wa miaka ishirini. Presha haiumi, haikohozi, wala haimkondeshi mtu. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alipatikana na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

Je, Donnison alikosea? Yapo ya kumshuku. Waliofika hospitalini wakati ule hawakuwakilisha wote, na umri wa watu ulikisiwa tu. Aidha, maelezo yake kwamba ustaarabu wa Kizungu ndio uliokuwa kiini cha maradhi yalikuwa na harufu ya ukoloni, kana kwamba mwanakijiji wa Karungu hakuwa na mashaka wala mawazo. Hata hivyo, vipimo vyenyewe havikuwa peke yake. Huko Kampala, Hugh Trowell wa Hospitali ya Mulago alifanya kazi Afrika Mashariki kwa takriban miongo mitatu, na ilipofika mwaka 1956 ndipo yeye na mwenzake walipochapisha katika jarida la tiba la eneo hili taarifa ya Mwafrika mmoja aliyeugua ugonjwa wa ateri za moyo. Mgonjwa mmoja tu, na ikawa habari ya kuandikiwa makala.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulikuja baadaye. Katika miaka ya 1980, kundi la watafiti wa Kenya na Uingereza liliwafuatilia vijana wa Kijaluo kutoka vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria waliohamia Nairobi kutafuta kazi. Waliwapima mapema iwezekanavyo baada ya kufika mjini, kisha wakarudia vipimo hivyo kwa vipindi hadi miezi 24, wakiwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la BMJ. Shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa juu kuliko la waliobaki, na tofauti hiyo ilijitokeza katika miezi ya mwanzo kabisa ya maisha ya mjini. Mkojo wao ulionyesha kwamba walikula chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi. Uzani wao ulikuwa mkubwa, na mioyo yao ilipiga kwa kasi zaidi.

Tafakari maana ya jambo hilo, msomaji. Watu wa damu moja, wa lugha moja, waliotoka katika boma moja, walitofautiana kwa sababu ya basi la usiku la kwenda Nairobi na sufuria waliyoikuta huko. Hakuna urithi wa kuzaliwa nao unaoweza kubadilika kwa miezi michache. Na tangu wakati huo mji wenyewe umehamia kijijini: mafuta ya kupikia ya pakiti, mikate, soda, viungo vya supu vilivyojaa chumvi na pikipiki inayomwondolea mtu mwendo wa saa nzima, vyote vipo Oyugis na Awendo kama vilivyo Kawangware.

Kwa nini chumvi imzidishie mtu presha? Hapa ndipo inapoingia kalsiamu, na hadithi yake ni ya kupendeza kiasi kwamba naomba subira.

Katika miaka ya mwanzo ya 1880, tabibu Sydney Ringer wa London alikuwa akichunguza mioyo ya vyura iliyotolewa mwilini na kutiwa katika maji ya chumvi. Mioyo iliendelea kupiga, naye akaamini kwamba chumvi ile ya kawaida ilitosha. Baadaye ikabainika kwamba msaidizi wake alikuwa akitumia maji ya mfereji badala ya maji yaliyokenekwa. Ringer alipojaribu kwa maji yaliyokenekwa, mapigo yalififia hadi yakakoma. Alipotia kalsiamu kidogo, yakarejea. Maji ya mifereji ya London yalikuwa na kalsiamu yake yenyewe. Mwaka 1883 Ringer alitangaza kwamba moyo hauwezi kujikunja bila madini hayo, na chupa za maji ya dripu yenye jina lake zingali zikining'inia katika wodi zetu hadi leo.

Ilichukua muda mrefu kufahamu ni kwa nini. Seli hai huishi kwa kuifukuza kalsiamu. Nje ya utando wa seli, kalsiamu iliyo huru ni takriban mara 10,000 ya ile iliyo ndani, na seli hutumia nguvu nyingi usiku na mchana kuipiga pampu itoke. Mwenyeji wa Migori anaweza kuifikiria hali hiyo kama maji yaliyozuiwa na ukuta wa Gogo katika Mto Kuja: kimya upande mmoja, uzito mkubwa upande wa pili, na milango michache kati yake. Ujumbe ukifika kutoka kwa mshipa wa fahamu au kwa homoni, milango hufunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde na kalsiamu humiminika ndani. Mmiminiko huo ndio ujumbe wenyewe. Kwa lugha hiyo moja seli ya moyo huambiwa ipige, ya kongosho iachilie insulini, na ya yai la mama lililorutubishwa ianze safari ya kuwa mtu.

Ukuta wa ateri umezungukwa na seli za misuli laini. Kalsiamu ikiingia katika seli hizo hushikana na protini iitwayo kalmodulini, nayo huamsha kimeng'enya kinachozifanya nyuzi za seli zikamatane na kuvutana. Seli hujikunja, na mshipa hupungua upana. Upungufu huo si jambo dogo: mshipa mwembamba ukipungua nusu ya upana wake, ukinzani dhidi ya damu huongezeka mara 16. Moyo hauna budi kusukuma kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo ndiyo presha.

Chumvi je? Mwaka 1977 mtaalamu wa Marekani, Mordecai Blaustein, alipendekeza maelezo ambayo yamewaongoza watafiti wengi tangu wakati huo. Katika utando wa seli kuna protini inayobadilishana sodiamu na kalsiamu, moja ikiingia na nyingine ikitoka. Mwili ukilemewa na sodiamu ya chumvi, mabadilishano hayo huzorota, kalsiamu hubaki ndani zaidi ya inavyotakiwa, na misuli ya ateri hukaa imejibana. Sayansi ya presha ina njia nyingine kadhaa, zikiwemo za figo na homoni. Lakini kwa wale vijana wa Kijaluo waliohamia Nairobi, hii yaweza kuwa sehemu ya mlango uliopitiwa.

Kuziba kwa ateri ni sura inayofuata. Presha ikiupiga ukuta wa ndani wa mshipa kwa miaka mingi, ukuta huo huchubuka na kolesteroli hupenya. Seli za kinga huja kuila, hulemewa na kufia hapo hapo. Nazo seli za misuli laini hubadilika tabia: mfumo wao wa ujumbe wa kalsiamu huvurugika, huacha kazi ya kujikunja, huanza kuzaana na kuhamia ndani ya uvimbe. Baadhi yao hugeuka zikafanana na seli za mifupa na kuanza kuujenga ugumu wa kalsiamu ndani ya ateri. Siku uvimbe huo unapopasuka, damu huganda juu yake. Ikiwa ni katika ateri ya moyo, moyo hupata mshtuko. Ikiwa ni ya ubongo, mtu hupatwa na kiharusi.

Neno "kalsiamu" limezua hofu isiyo na msingi katika baadhi ya nyumba, hasa mgonjwa anapoambiwa kwamba dawa yake "huzuia kalsiamu". Pande za ziwani, kalsiamu ya chakula ni omena, samaki anayeliwa mzima pamoja na mifupa yake. Mtu akidhani kwamba mifupa hiyo ndiyo inayoziba ateri na kuiacha omena, amejinyima chakula bora kwa kosa la tafsiri. Kiasi cha kalsiamu katika damu husimamiwa na homoni, figo na mifupa yenyewe, na hakipandi na kushuka kwa sahani ya jioni. Cha kuangaliwa katika sahani hiyo ni kijiko cha chumvi, na pia magadi yanayotiwa katika mboga za kienyeji, kwa kuwa magadi nayo ni sodiamu.

Kuhusu dawa, twende haraka. Katika miaka ya 1960, Mjerumani Albrecht Fleckenstein aligundua kwamba baadhi ya dawa, ikiwemo verapamili, ziliufanya msuli wa moyo utende kana kwamba kalsiamu imeondolewa. Zilikuwa zikiziba ile milango. Kutokana na ugunduzi huo ikazaliwa jamii nzima ya dawa, na kuanzia miaka ya 1990 mwanajamii wake mmoja, amlodipini, ameenea duniani kote. Haizibui ateri iliyokwisha kuziba, na ni vyema hilo lisemwe wazi. Huilegeza misuli ya ukuta, presha ikashuka, na mchubuko ukapungua kabla haujawa jambo la hospitali kuu.

Amlodipini ina sifa mbili zinazoifaa sana nchi kama yetu. Imekuwa rahisi kwa bei tangu ilipoanza kutengenezwa na viwanda vingi. Pili, haina haraka ya kutoka mwilini: baada ya saa 30 hadi 50 ndipo nusu yake huwa imetoka. Kwa hivyo tembe moja kwa siku yatosha, na mvuvi aliyelala ziwani usiku mmoja bila dawa hataharibikiwa papo hapo. Udhaifu wake mkubwa ni kuvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Asiyeonywa mapema hudhani figo zimekufa, akaiacha dawa bila kumwambia mtu.

Na je, inawafaa Waafrika? Swali hilo lilijibiwa Afrika. Mwaka 2019 utafiti uliopewa jina la CREOLE ulichapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine. Wagonjwa 728 kutoka nchi sita za kusini mwa Sahara, Kenya na Uganda zikiwemo, walipewa mojawapo ya michanganyiko mitatu ya dawa mbili mbili. Michanganyiko miwili iliyokuwa na amlodipini ilishusha presha vizuri kuliko ule wa tatu uliokosa dawa hiyo. Kwa hivyo hatungoji ugunduzi mpya kutoka maabara ya ng'ambo. Tembe ipo, inajulikana na imepimwa katika miili ya watu wetu.

Linalobaki ni kumfikishia mtu, na kumfikishia tena mwezi ujao, na mwezi wa baadaye, maisha yake yote. Ni katika jambo hili ambapo Migori na Homa Bay zina jambo la kuifunza dunia.

Kati ya mwaka 2013 na 2017, mradi wa utafiti uitwao SEARCH, ulioshirikisha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu Kenya (KEMRI), Chuo Kikuu cha Makerere na kile cha California, San Francisco, uliendeshwa katika jamii 32 za mashambani. Ishirini zilikuwa Uganda na 12 eneo la ziwa nchini Kenya, yakiwemo maeneo ya kaunti hizi mbili. Lengo kuu lilikuwa Ukimwi. Lakini waandaaji walikuwa na busara ya kupima mambo mengi kwa pamoja katika kambi za afya: virusi, kisukari, presha. Aliyekuja kwa moja aliondoka amejua yote, na hakuna jirani aliyeweza kukisia amefuata nini.

Waliopatikana na presha katika jamii za majaribio walihudumiwa kwa mtindo ule ule uliokuwa umeboreshwa kwa ajili ya ARV. Hudhurio lilikuwa la kila miezi mitatu presha inapotulia, si kila mwezi. Mgonjwa alipewa nambari ya simu ya kupiga. Foleni ilifupishwa, na wahudumu walifunzwa kutomkemea aliyechelewa. Kwingineko huduma ilikuwa ile ya kawaida ya serikali.

Uchanganuzi uliochapishwa mwaka 2021 uliwaangalia watu zaidi ya 10,000 waliokuwa na presha isiyodhibitiwa mradi ulipoanza. Baada ya miaka mitatu, presha ilikuwa imedhibitiwa kwa asilimia 53 yao katika jamii za majaribio, dhidi ya asilimia 44 kwingineko. Tofauti ya asilimia tisa yaweza kuonekana ndogo. Lakini hatari ya kufa, kwa sababu yoyote ile, ilikuwa chini kwa asilimia 21. Dawa zilikuwa zile zile. Kilichotofautiana ni benchi, kalenda na ulimi wa mhudumu.

Sasa turejee kwenye ile kliniki. Uchunguzi wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13 ya wale wa Migori walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi, ilhali kiwango cha kitaifa kilikuwa asilimia 4.9. Dawa zimewawezesha wengi wao kufikia umri ambao mwaka 2000 hakuna aliyethubutu kuutaja. Wamezeeka, na uzee umekuja na presha. Isitoshe, virusi hata vinapozimwa na dawa huacha kinga ya mwili ikifuka moshi mfululizo, na moshi huo huziharibu ateri. Mwaka 2023 utafiti wa REPRIEVE, uliofanywa katika nchi 12 kwa watu 7,769 wenye virusi, ulipata kwamba dawa ya kolesteroli iitwayo pitavastatini ilipunguza kwa asilimia 35 matukio makubwa ya moyo na mishipa, hata kwa watu ambao kwa vipimo vya kawaida hawakuonekana kuwa hatarini sana.

Kalsiamu yenyewe hujitokeza hapa tena, kwa sura nyingine. ARV inayotumiwa na wengi sasa ina dolutegraviri. Dawa hiyo ikikutana na tembe za kalsiamu au za madini ya chuma katika tumbo tupu hunaswa nazo, isiingie damuni inavyopaswa. Ndiyo maana wajawazito, ambao hupewa tembe hizo, huelekezwa wazimeze pamoja na chakula au wazitenganishe kwa saa kadhaa. Muuguzi anayeyajua yote mawili huuliza. Muuguzi wa dirisha moja tu hawezi kujua kilichotolewa katika dirisha la pili.

Ndiyo, madirisha mawili. Kwa miaka ishirini hivi, kituo cha afya cha kawaida eneo hili kimekuwa na foleni mbili. Ya kwanza ni ya ARV: faili imekamilika, mshauri yupo, dawa ni za bure na hutolewa za miezi kadhaa, na asiyekuja hupigiwa simu au hutafutwa kwa pikipiki. Foleni hiyo ilijengwa hasa kwa fedha za Marekani kupitia mpango wa PEPFAR ulioanzishwa mwaka 2003. Ya pili ni ya wagonjwa wengine wote. Humo mwenye presha hupimwa, huandikiwa, kisha mara nyingi huelekezwa akanunue dawa dukani kwa sababu ya kituo imekwisha. Asiporudi, hakuna anayegundua. Mtu mwenye virusi na presha kwa pamoja amekuwa akiishi katika nchi mbili ndani ya ua mmoja: kwa ugonjwa mmoja ni mgeni wa heshima, kwa ule mwingine ni mtu wa kujitafutia.

Agizo la Rais Donald Trump la Januari 2025 la kusimamisha misaada ya nje liliitikisa foleni ya kwanza. Wahudumu waliolipwa na mashirika ya wafadhili walirudishwa nyumbani, na shirika la USAID lenyewe likafungwa rasmi Julai mwaka huo. Wizara ya Afya na kaunti ziliharakisha mpango wa kuziunganisha kliniki hizo na huduma za kawaida. Desemba 2025, Kenya na Marekani zilitia saini makubaliano mapya ya afya ya miaka mitano, ambayo yanaitaka serikali yetu ibebe mzigo mkubwa zaidi kadiri muda unavyosonga.

Kuunganisha foleni, kwa maoni yangu, ni jambo jema, na lilipaswa kufanywa kabla ya kulazimishwa. Hofu yangu ni mwelekeo. Foleni mbili zikiunganishwa, yawezekana mwenye presha akarithi faili, simu na dawa za miezi mitatu. Yawezekana pia mwenye virusi akarithi lile dirisha lisilo na dawa. Mradi wa SEARCH ulithibitisha kwamba njia ya kwanza huokoa maisha. Ile ya pili haihitaji utafiti. Huja yenyewe pale ambapo hakuna aliyetenga fedha.

Serikali husema kwamba msingi umekwisha kuwekwa, na si maneno matupu. Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa nchini wakiwa na mikoba yenye mashine za kupimia presha. Sheria za mwaka huo zilianzisha hazina ya afya ya msingi, ambayo inatakiwa kugharimia huduma katika zahanati na vituo vya afya bila mgonjwa kulipa, na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikachukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Watafiti wa SEARCH nao wameendelea kujaribu mtindo wa mhudumu wa jamii kumpelekea mwenye presha kali dawa nyumbani, huku tabibu akizungumza naye kwa simu, na matokeo yamekuwa ya kutia moyo.

Lakini mashine ya kupimia, pasipo dawa, humwongezea mtu wasiwasi tu. Mhamasishaji anayembisha hodi mama mzee wa Mfangano na kumwambia presha yake ni 180 kwa 110 atakuwa amemwambia nini, ikiwa zahanati haina amlodipini na duka la dawa liko ng'ambo ya maji huko Mbita? Na siku kiharusi kikimpata mama huyo, mashua ni ile ile. Upasuaji wa moyo umefanywa kwa miaka mingi katika Hospitali ya Tenwek kule Bomet, na Nairobi wako wataalamu wa kuzibua ateri kwa mirija, lakini ateri iliyoziba huhesabu dakika, nayo barabara ya kutoka Muhuru Bay huhesabu saa.

Afya ni jukumu la kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Kila mwaka, makadirio ya bajeti hufikishwa katika mabunge ya Migori na Homa Bay kufikia mwisho wa Aprili, kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai, na wananchi wana haki ya kikatiba ya kuyatolea maoni. Katika mikutano ya aina hiyo watu huulizia barabara, basari na soko. Mwaka huu anaweza kusimama mmoja, mwenye presha au mwenye mzazi aliye na presha, akauliza fedha za dawa hizo ziko katika kifungu gani, na ni za miezi mingapi.